Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kununua sensa

MWENYE pikapu kuukuu ya petroli anayesafirisha mboga kutoka Thika hadi Ruiru alfajiri anaijua ishara hii. Akisimama kushusha mzigo, injini hutetemeka, mlio wake ukipanda na kushuka, na kwenye dashibodi taa ya manjano yenye umbo la injini hukataa kuzimika. Fundi humwambia sensa imekufa. Hununua nyingine, hulipa, na kesho yake mtetemo ni ule ule.

Kosa hutokana na jinsi tunavyoielewa taa hiyo. Kompyuta ya gari haina macho ya kuona kipuri kilichoharibika. Hupokea vipimo vya hewa, joto la maji na moshi, na kimojawapo kikivuka mpaka huhifadhi nambari, yaani msimbo, kisha huwasha taa. Msimbo hueleza ni kipimo gani kilichokwenda kombo. Kilichokiharibu sharti kitafutwe.

Magari madogo na pikapu zilizouzwa Marekani tangu 1996 zilitakiwa kisheria kuwa na soketi ya aina moja ya kuchomeka chombo cha kusomea misimbo. Toyota kadhaa za petroli zilizotangulia mfumo huo husomwa kwa waya mfupi tu. Waya huo huunganisha mashimo yaliyoandikwa TE1 na E1 katika kisanduku kilicho karibu na injini, swichi hufunguliwa bila kuwasha injini, na mtu huhesabu taa inavyomweka. Ikimweka mara mbili, ikatulia, kisha ikamweka mara moja, huo ni msimbo 21, wa sensa ya oksijeni. Ikimwekamweka mfululizo bila kutulia, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Mashimo yasiyofaa yakiunganishwa, nyaya zaweza kuungua. Kitabu cha gari kisomwe kwanza.

Chukua msimbo 25, au P0171 katika mfumo mpya. Maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli. Hapa ndipo wengi hutupa sensa ya oksijeni iliyo nzima, ilhali imesema kweli! Mara nyingi mkosaji ni mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini, filta ya petroli iliyoziba au pampu iliyochoka. Gari likiwa limesimama, injini huvuta hewa kidogo, hivyo ufa mdogo huivuruga sana. Katika mwendo wa kasi ufa huo haumsumbui dereva, ndiyo sababu gari linalotetemeka kwenye msongamano hutulia likishika barabara kuu. Fundi makini husikiliza mfoko wa hewa, kisha hunyunyizia mipira maji kidogo, mmoja baada ya mwingine, akijiepusha na nyaya za plagi. Mlio ukibadilika, ufa umepatikana. Wapo wanaotumia petroli badala ya maji, jambo ambalo limekwisha kuunguza magari.

Msimbo P0301 husema silinda ya kwanza haiwaki sawasawa. Badilishana plagi yake na ya silinda ya pili. Msimbo ukihamia P0302, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, kagua waya, nozeli na mgandamizo wa silinda. Jaribio hilo halihitaji kipuri kipya.

Vumbi nalo lina sehemu yake, hasa kwa magari yanayobeba mawe ya Ndarugo kutoka Juja. Filta ya hewa huziba, na lango la hewa huota masizi hadi injini ishindwe kunguruma taratibu. Yasafishwe kabla ya kununua chochote. (Canter za zamani za dizeli zenye pampu isiyotumia umeme hazina misimbo ya injini, hizo fundi huzisikiliza tu.)

Kuna hila moja ya kuchungwa. Waya wa betri ukichomolewa kwa muda, misimbo ya magari mengi ya zamani hufutika na taa huzimika bila lolote kutengenezwa. Gereji moja iliwahi kunitoza fedha kwa kazi ya namna hiyo mjini Thika. Taa iliwaka tena kabla sijafika Ruiru. Tangu siku hiyo huomba msimbo uandikwe kwenye karatasi kabla spana haijashikwa, na kipuri cha zamani nikabidhiwe mkononi.