Mwalimu wa Forodhani Asiyetaka Ujira

Mwezi uliopita Kamati ilinituma Unguja kwa shughuli za chama, na khabari za shughuli hizo mtazisoma mahali pake. Hapa nataka kuwaelezeni jambo jingine nililoliona huko, ambalo sikutumwa kulitafuta.

Nilifikia kwa jamaa yangu Shangani. Asubuhi ya kwanza, baada ya sala ya alfajiri, nilishuka pwani kupunga upepo katika bustani ya Forodhani. Bustani hii ilitengenezwa mwaka 1936, Seyyid Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake, na kwa hivyo wazee waliikuta ikiitwa Jubilee. Baadaye ilichakaa sana, mpaka ikatengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Usiku ni pahala pa mishikaki na maji ya miwa. Asubuhi ile moshi ulikuwa umekwisha, na mbele ya Ngome Kongwe nikaona watu kiasi cha 30 wamejipanga safu, wanaume mbele na wanawake nyuma, wote wameelekea bahari, na kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Nilicheka, naungama. Mwalimu wao, mzee aliyevaa fulana na kofia yake ya kiua, akaniona.

"Mwanangu, kucheka ni rahisi. Njoo usimame."

Nikaenda. Mimi niliyeanza kupanda mikarafuu kabla sijatoka chuoni sikufika hata hesabu ya saba, mguu ukarudi chini. Nyuma yangu bibi mmoja wa buibui, ambaye bila shaka ana wajukuu wakubwa, alikuwa amesimama kimya kama nguzo ya msikiti.

Tulipomaliza nilikaa na mwalimu juu ya ukuta wa pwani tukanywa kahawa. Ameniomba nisiandike jina lake, nami nimekubali. Alikuwa karani, sasa amestaafu. Halipwi na mtu, wala hapokei kitu kwa wanafunzi wake. Alianza na jirani yake mmoja tu, na sababu ilikuwa ni kiti. Jirani huyo alikuwa ameanza kusali juu ya kiti, kwa kuwa akenda chini kusujudu hawezi kuinuka mpaka ashikwe mkono, naye akiona haya. Hakuwa na ugonjwa uliojulikana. Miguu ilikuwa imesahau kazi yake kwa kukaa. Basi kila asubuhi mwalimu alimchukua pwani, akamfundisha kukaa na kuinuka juu ya ukuta ule ule, mara 5, kisha mara 10, kisha bila ya kushika. Walipita watu, wakasimama kutazama, wengine wakajiunga.

Hebu nanyi tazameni misikitini mwetu, mhesabu viti vilivyopangwa safu ya nyuma, kisha mkumbuke vilikuwa vingapi mlipokuwa watoto. Mwenye udhuru ana udhuru wake, wala simsemi. Lakini wako ambao udhuru wao ungeondoka.

Najua mtakalosema, kwa kuwa na mimi nilimwambia mwalimu maneno hayo hayo: mazoezi ni ya watu wa mjini wanaokaa afisini, mkulima mazoezi yake ni shamba. Akaniuliza, "Msimu wenu ni miezi mingapi? Na wewe mwenyewe mwaka huu umepanda miti mingapi?" Nikanyamaza. Tuseme kweli. Anayepanda ni mchumaji, kijana tunayemlipa kwa pishi. Sisi wenye mashamba, aghalabu tumo chini, juu ya jamvi, tunachambua makonyo na kupima, na kahawa i karibu na halua i karibu. Msimu ukisha, hata hilo jamvi hatulikunjui, tunahamia barazani.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alitoa khabari ya uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji wa London. Alilinganisha madereva na makondakta. Watu hawa walikuwa katika basi moja, lakini dereva alikaa kitini siku nzima na kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tikiti. Makondakta waliugua maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua, walikufa kidogo. Wengine walisema labda tangu mwanzo waliokuwa wanene ndio waliochagua kuendesha, na Morris mwenyewe akalichungua hilo. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata umelithibitisha jambo lenyewe. Basi katika shamba la mikarafuu, wanachama, dereva ni nani?

Na ule mguu mmoja si mchezo. Mwaka 2022 ilitolewa khabari ya watu 1,702 wa Brazil, wenye miaka 51 hadi 75, waliojaribiwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10. Mmoja katika kila watano alishindwa, na katika miaka iliyofuata walioshindwa walikufa kwa wingi zaidi. Si kwamba mguu ndio uliowaua. Ni alama tu ya mwili unaochoka. Lakini mizani ya mwili hufundishika, hata uzeeni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho dogo kila wiki, na aliyefika miaka 65 aongeze mazoezi ya mizani na ya nguvu siku 3.

Mnamjua mzee wetu aliyevunjika nyonga mwaka jana. Hakuanguka mkarafuuni, alijikwaa kizingiti cha choo chake usiku. Aangukaye mkarafuuni chama humpa pole, na hili ni jema. Mzee yule, Katibu wenu nilitafuta katika kanuni zetu fungu la kumsaidia, sikuliona. Mpaka leo hajatoka uani.

Nilimwomba mwalimu aje kwetu, chama kimlipe. Alikataa. Alisema, "Mkinilipa, siku mtakayokosa pesa darasa litakufa. Nileteeni watu wawili, mwanamume na mwanamke, wasimame nami wiki mbili, kisha warudi wakufundisheni." Kwake pia hufanya hivyo: siku asiyoweza kuja, yule bibi wa buibui ndiye anayeongoza. Sharti lake jingine ni kwamba kila mtu apimwe presha na sukari kwanza, na mwenye dawa asiache dawa yake.

Pahala tunapo: sakafu yetu ya kuanikia, ambayo msimu ukisha huachiwa kuku. Mshika fedha ameniuliza juu ya jezi. Hakuna jezi, kila mtu na nguo yake ya stara.

Majina ya watu wawili yaletwe kwangu kabla ya mkutano ujao. Nauli ya boti ya mtu mmoja imepatikana, ya pili bado naitafuta.