Neno "Ploti": Kutoka Darasa la Fasihi hadi Ufuo wa Diani

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Ukunda au Msambweni huenda akakutana na neno "ploti" mahali pawili. Nyumbani hulisikia wazee wakizungumzia ardhi inayouzwa. Chuoni hulisikia mhadhiri akimtaka aeleze ploti ya riwaya fulani. Makala haya yanafafanua maana za neno hili na matumizi yake. Aidha, yanaonyesha kwamba katika Pwani ya kusini ya Kenya uteuzi wa neno la kuitia ardhi unagusa pia haki za watu.

Asili ya neno

Katika Kiingereza, neno hili, ambalo huandikwa "plot", lilianza kwa maana ya kipande kidogo cha ardhi. Kufikia karne ya 16 lilikuwa limepata pia maana ya ramani au mchoro wa kipande hicho. Kutokana na mchoro ikazuka maana ya mpango. Na kwa athari ya neno la Kifaransa lenye sauti zinazokaribiana nalo, ikakua maana ya mpango wa siri, yaani njama. Ndiyo sababu Waingereza hulitumia kulitaja jaribio la mwaka 1605 la kulipua Bunge kwa baruti. Hatimaye mpangilio wa matukio katika hadithi nao ukaitwa kwa jina hilo. Ni dhahiri kwamba maana hizi zimetungwa katika uzi mmoja, na uzi wenyewe ni ile maana ya mchoro. Hali hii ndiyo wanaisimu waiitayo polisemia.

Kuingia katika Kiswahili

Kiswahili cha Kenya kililipokea neno hili kupitia milango tofauti. Mlango wa kwanza ni wa ofisi za ardhi na madalali, ambako ploti ni kipande kilichopimwa. Kutokana na maana hiyo, majengo ya vyumba vya kupangisha vyenye ua mmoja nayo huitwa ploti, na wapangaji wake huitwa watu wa ploti. Mlango wa pili ni wa wahakiki wa fasihi, wanaolitumia sambamba na neno "msuko". Mlango wa tatu ni wa vijana wa mijini, ambao huulizana, "Leo ploti ni gani?", wakimaanisha mpango wa matembezi au starehe.

Hata hivyo, ule uzi wa kuziunganisha maana hizi haukuvuka pamoja nazo. Mswahili haiiti ramani ploti, na njama kwake ni njama. Hivyo basi, msemaji asiyeijua historia ya Kiingereza haoni uhusiano wowote baina ya ploti ya Diani na ploti ya riwaya. Kwa msingi huu, tunaweza kudai kwamba neno lililo polisemia katika Kiingereza limegeuka kuwa homonimu katika Kiswahili.

Ploti katika ardhi ya Kwale

Kabla ya neno hili kuenea, wakazi wa Kwale walikuwa na maneno ya kuitaja ardhi kulingana na kazi yake, na wangali nayo. Kiwanja ni mahali pa kujengea. Shamba, ambalo Wadigo huliita munda, ni mahali pa kulima. Kaya ni msitu mtakatifu uliohifadhi makao ya mababu. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008. Neno "ploti" halielezi kazi ya ardhi. Hueleza mipaka, ukubwa, nambari na bei.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu desturi za Pwani hutenganisha ardhi na vilivyo juu yake. Mtu aweza kumiliki minazi iliyo katika ardhi ya mwenzake. Mwingine aweza kumiliki nyumba huku akimlipia mwenye ardhi kodi ya mahali iliposimama. Pia kuna makaburi, na njia ambazo wavuvi huzipita kuelekea baharini. Mtu akisema "ploti imeuzwa", sentensi hiyo imekamilika kisarufi, lakini haisemi lolote kuhusu mnazi, nyumba, kaburi wala njia.

Sheria nayo ina historia yake katika jambo hili. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka waliodai ardhi katika ukanda wa pwani wajitokeze na kuthibitisha madai yao. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Jamii zilizomiliki kwa ukoo na kwa desturi, wakiwemo Wadigo, hazikufaidika na utaratibu huo. Katiba ya mwaka 2010 imeitambua ardhi ya jamii, na Ibara ya 62 imetamka kwamba ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kwa hiyo, hata ploti ya ufuoni iwe ghali namna gani, mpaka wake hauwezi kuufikia mchanga unaofunikwa na maji.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi neno "ploti" lipigwe marufuku, kwani limekwisha kupata uraia. Katika fasihi, "msuko" latosha na halileti utata. Katika ardhi, tahadhari yahitajika zaidi. Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye ambaye mara nyingi huitwa na jamaa zake awasomee au awaandikie mapatano ya mauzo. Asiishie kuandika "ploti". Ataje kiwanja au shamba, ahesabu minazi na kusema ni ya nani, ataje nyumba na makaburi yaliyopo, na aonyeshe njia inapopita. Lisiloandikwa katika mapatano ni vigumu kulidai baadaye.