Kamera Yenye Macho Mawili, na Jinsi ya Kutafuta Kosa Lake

Yako mambo mengi ambayo mtu akiyakosea leo aweza kuyatengeneza kesho. Picha si mojawapo. Mzee aliyekwisha kufariki, au arusi iliyokwisha kupita, haviwezi kuitwa tena visimame mbele ya kamera. Kwa hiyo mtu mwenye kamera ya zamani yenye kipimo cha umbali, akitaka kuitumia pamoja na lenzi kuukuu, yampasa kujua kabla ya siku ya kazi kama lenzi ile na kamera ile zinapatana. Mazungumzo haya yaeleza jinsi ya kujua, na jinsi ya kutafuta kosa likiwapo.

Kwanza tueleze kamera hizi ni za namna gani. Mwaka 1925 kampuni ya Ernst Leitz ya mji wa Wetzlar, Ujerumani, ilianza kuuza kamera ndogo ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack. Mwaka 1932 ilitoka Leica II, yenye kipimo cha umbali kilichounganishwa na lenzi, na mwaka ule ule kampuni ya Zeiss Ikon ilitoa Contax. Katika kamera hizi mpiga picha hatazami kwa kupitia lenzi. Hutazama katika tundu dogo, akaona sura mbili za kitu kimoja. Azungushapo lenzi, sura moja husogea. Sura mbili zikilaliana zikawa moja, ndiyo ishara kwamba umbali umepatikana.

Jambo hili hufanyikaje? Katika Leica, nyuma ya lenzi mna pete ya chuma, na ndani ya kamera mna wenzo mdogo uegemeao pete hiyo. Lenzi ikisogea, wenzo huifuata, na wenzo ndio uendeshao sura katika kipimo. Basi kamera hii ina macho mawili: jicho la kipimo, na jicho la lenzi lichoralo picha juu ya filamu. Jicho la kwanza halijui jicho la pili laona nini. Huamini tu habari iletwayo na wenzo. Mjumbe akikosea, shauri lote huharibika, ingawa aliyemtuma na aliyepokea hawana hatia.

Huenda mtu akauliza, “Kosa dogo laweza kudhuru nini?” Na tuhesabu. Katika Leica za parafujo, toka uso wa pete ya kamera mpaka filamu ni milimeta 28.8. Tuseme lenzi ya milimeta 50 imekaa mbele kupita kiasi kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimeta. Ukiiweka kwenye alama ya mbali kabisa, ile ifananayo na tarakimu 8 iliyolazwa, haitaona dhahiri milima, ila vitu vilivyo meta 25 tu. Ukimpiga picha mtu aliye meta 1, lenzi itaona karibu zaidi kwa sentimeta 3 na nusu hivi: ncha ya pua itakuwa dhahiri, na macho yatafifia. Maana lenzi hiyo, ikifunguliwa hata namba 2, huonyesha dhahiri upana wa sentimeta 5 tu kwa umbali huo. Ukiifunga hata namba 8, upana huwa sentimeta 18 hivi, na kosa hujificha. Kwa hiyo lenzi ipimwe ikiwa imefunguliwa kabisa.

Sasa tufuate kosa hatua kwa hatua, wala tusishike bisibisi upesi.

Hatua ya kwanza ni kuitazama picha yenyewe. Ikiwa hapana kitu hata kimoja kilicho dhahiri, huenda mkono ulitikisika, au lenzi ina ukungu ndani. Bali ikiwa kitu cha mbele au cha nyuma ni dhahiri, na kile ulichokikusudia kimefifia, basi umbali ndio uliokosewa.

Hatua ya pili ni kutazama kama lenzi imekaa vema. Je, imezungushwa mpaka mwisho? Ikiwa ni ya namna ile iingiayo ndani ya kamera, je, imevutwa nje yote ikafungwa? Tena, mtu atiapo lenzi ya parafujo katika Leica za namna ya M, zilizoanza mwaka 1954, hutumia pete ya katikati. Kamera hizo zina milimeta 27.8, basi pete yapasa kuwa na unene wa milimeta 1 kamili. Pete isiyo sawa huharibu kila lenzi ipitayo juu yake.

Hatua ya tatu ni kupima jicho la kipimo. Weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, utazame mwezi, au mnara ulio zaidi ya kilometa moja. Sura mbili zapasa kulaliana. Kisha pima meta 1 kwa utepe, toka mahali pa filamu mpaka kwenye kitu, ulinganishe na namba za lenzi. Sura moja ikiwa juu kidogo ya nyingine, inasumbua jicho tu. Kupishana kwa upande ndiko kudanganyako umbali.

Hatua ya nne ni kupima jicho la lenzi. Ikiwa mgongo wa kamera hufunguka, weka kioo chenye ukungu mahali pale pale filamu ilalapo, upande wa ukungu ukielekea lenzi. Acha pazia la kamera wazi, utazame kwa kioo cha kukuzia. Leica za parafujo hazifunguki mgongo. Kwa hizo, panga chupa tano kwa mshazari, lenga ile ya katikati kwa kipimo, upige picha, kisha utazame filamu ni chupa ipi iliyo dhahiri.

Baada ya hayo ndipo hukumu. Lenzi zote zikikosea namna moja, kosa li katika kamera. Ikikosea moja tu, kosa ni la lenzi hiyo. Lenzi ikiwa imesogea kwa kadiri moja karibu na mbali, huenda pete nyembamba iliyo kati ya vioo na gamba lake imepotea au imezidi. Fundi aweza kuirekebisha. Ikiwa ni sahihi mbali lakini yakosea karibu, mwendo wa lenzi na mwendo wa wenzo havipatani. Ndivyo ilivyo kati ya Contax na Nikon ya Japani iliyotoka mwaka 1948: vifungio vyao vyafanana, lakini hesabu zao ni mbali mbali, na lenzi ndefu ya moja ikitiwa katika nyingine hukosea. Leica za mwaka 1930 nazo zilipatanishwa kila moja na lenzi zake. Kipimo kimoja kwa zote kilianza mwaka 1931, kikatiwa alama ya 0.

Tena ziko lenzi, kama Sonnar, ambazo mahali pa udhahiri hurudi nyuma kidogo zifungwapo. Hiyo ni tabia yake, wala si ugonjwa.

Mwaka 2004 Epson ya Japani ilitoa R-D1, kamera ya kwanza ya namna hii isiyotumia filamu. Tangu hapo watu huikuza picha mara ile ile, na makosa yaliyojificha miaka mingi huonekana.

Jambo moja lishikwe kuliko yote: usigeuze kipimo cha kamera ili kuipendeza lenzi moja mbovu. Ukifanya hivyo, lenzi hiyo moja huenda ikapona, na zote nyingine zilizokuwa njema zitakuwa mbovu siku hiyo hiyo. Tafuta kwanza mwenye kosa. Kisha mpe fundi yule mwenye kosa peke yake.