Wenye Kutetemeka Wasifichwe Majumbani

Yuko mfanyakazi ambaye mkono wake hutetemeka anapoupumzisha. Mwandiko wake umekuwa mdogo hata karani wa benki aikataa sahihi yake. Hatua zake zimefupika, sauti yake imefifia, na uso wake hauonyeshi tena furaha wala huzuni. Msimamizi wake amdhania mlevi; jirani asema amerogwa; wanawe wasema ni uzee tu. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humwumbua, lakini hapa afichwaye ni mgonjwa mwenyewe, tena na jamaa zake.

Maradhi haya huitwa Parkinson, kwa jina la daktari James Parkinson wa London, aliyeyaeleza katika kitabu kidogo mwaka 1817. Wafanyakazi watapenda kujua kwamba daktari huyo alikuwa pia mtetezi wa haki ya wanyonge kupiga kura, na mwaka 1794 aliitwa kuhojiwa mbele ya wakuu wa Serikali ya Mfalme. Katika kitabu chake aliwaeleza wagonjwa 6, na baadhi yao alikuwa amekutana nao njiani tu.

Maradhi hayaambukizi, wala si uchawi. Chembe fulani za ubongo hufa, na mwili hupungukiwa na kitu kiitwacho dopamini. Dawa ya kuponya haijapatikana. Ipo levodopa, ambayo hupunguza taabu.

Sisi tunasema kwamba dawa peke yake haitoshi, na hata hiyo wengi hawaifikii. Wataalamu walipofanya uchunguzi nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa watu zaidi ya 161,000, waliwaona wagonjwa 33. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa hawajapata kuambiwa na daktari yeyote jina la maradhi yao. Walikuwa wakitetemeka bila kujua kwa nini!

Ndiyo maana twavisifu vikundi vya wagonjwa wenyewe. Huko Uingereza, Mali Jenkins, ambaye dada yake alikuwa mgonjwa, alianzisha chama mwaka 1969. Karibu nasi, wenzetu wa Uganda wana chama kiitwacho Parkinson's Si Buko, jina likanalo imani ya kale ya Waganda kwamba kutetemeka huletwa na kuvunja mwiko wa wakwe.

Mgonjwa apata nini kikundini? Hupata mambo ambayo daktari mwenye foleni ndefu hana nafasi ya kuyaeleza. Huambiwa kwamba dawa ikimezwa pamoja na nyama au maharage huenda isifanye kazi vema, na kwamba ni hatari kuiacha ghafula. Mtu ambaye miguu yake hugandamana mlangoni hufundishwa na mwenzake kuhesabu moja, mbili, tatu, au kukanyaga mstari uliochorwa sakafuni, na mara miguu hufunguka. Wengine huimba pamoja ili sauti isipotee. Naye mke aliyedhani mumewe amemkasirikia hutambua kwamba uso ule mkavu ni maradhi, si chuki. Jambo hilo moja, kwa maoni yetu, lashinda hotuba nyingi.

Twawaomba basi viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi: vikundi hivi havidai fedha nyingi. Mfanyakazi aliyeanza kutetemeka apelekwe hospitali kabla ya kuandikiwa barua ya kufukuzwa. Nao ukumbi wa tawi, ambao mara nyingi hukaa mtupu mchana, ufunguliwe siku moja kwa mwezi kwa wagonjwa na wale wanaowauguza. Viwekwe viti vyenye mikono, kwa maana katika kiti kisicho na mikono mgonjwa huinuka kwa shida sana.