Kijana Aliyefiwa

Msiba ukitokea kijijini, watu wazima hukaa matanga. Watoto wadogo hubembelezwa. Kijana wa miaka 14 hutumwa maji na kuni. Ni nani anamwuliza yeye ana hali gani? Mara nyingi hakuna.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kwa siku moja, nyumba nyingi zilifiwa. Lakini malaria, uzazi na ajali za barabarani huleta msiba huo huo, nyumba moja moja.

Mtoto mdogo hudhani marehemu atarudi. Kijana anajua kwamba harudi. Leo analia, kesho anacheza mpira. Msiseme hana uchungu. Anapumzika tu.

Huzuni hukaa mwilini pia. Kijana huja zahanati akisema kichwa kinauma, tumbo linauma, usingizi hapati. Tunampima malaria, hana. Tukimwuliza habari za nyumbani, anasema mama alifariki mwezi uliopita. Vidonge haviondoi uchungu huo.

Mwambieni ukweli. Semeni amekufa, na semeni ugonjwa uliomwua. Kijana akifichwa, anaweza kudhani yeye ndiye sababu, pengine kwa kuwa siku ile waligombana. Mwulizeni kama anataka kuuaga mwili. Akikataa asilazimishwe. Wavulana huambiwa, "Mwanamume halii." Mimi neno hili silikubali. Machozi hayamdhuru mtu. Wala msimwambie mtoto wa kwanza, "Sasa wewe ndiye baba." Huyo bado ni mtoto. Asaidie kazi, lakini arudi shule mapema, na mwalimu apewe habari.

Matanga yakiisha, watu huondoka. Hapo ndipo upweke unapoanza. Shangazi, mjomba au babu aje mara kwa mara, alime naye, wazungumze habari za marehemu. Jina lake litajwe.

Miezi ikipita naye bado hali vizuri, haendi shule, au ameanza pombe, mleteni zahanati. Akisema afadhali afe, au anataka kumfuata marehemu, msidhani ni maneno tu. Mtu mzima akae naye usiku na mchana. Dawa za kuulia wadudu wa shambani zifungiwe mbali naye. Mleteni siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.