Tovuti ya Majaribio: Programu ya Bure Huishia Wapi

Wenye tovuti zinazoendeshwa na WordPress, mfumo ulioanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg pamoja na Mike Little, huonywa mapema kwamba mabadiliko hayafanywi mbele ya wateja, kwani sasisho moja tu la programu-jalizi, yaani kipande cha programu kinachochomekwa ili kuiongezea tovuti uwezo fulani, laweza kuacha ukurasa mweupe usio na kitu. Kwa sababu hiyo huundwa tovuti ya majaribio, nakala kamili inayokaa pembeni na ambamo kila badiliko hupimwa kwanza. Zipo programu za bure zinazoiunda nakala hiyo kwa kubofya mara chache, na wepesi huo ndio unaowafanya watumiaji watarajie kwamba kuyarudisha mabadiliko kwenye tovuti halisi nako kutakuwa kwepesi, tena bure.

Kunakili ni kazi isiyo na hatari kubwa. Programu kama WP Staging huzinakili faili za tovuti katika folda nyingine ya seva ileile, kisha huyanakili majedwali ya hifadhidata, yaani ghala la makala, watumiaji na mipangilio, kwa kuyapa majina yenye kiambishi tofauti ili yasigongane na yale ya awali. Tovuti halisi husomwa tu, haibadilishwi. Nakala ikiharibika hufutwa, na kazi huanza upya.

Kurudisha ni jambo jingine kabisa. Anwani ya nakala, ambayo imetapakaa katika hifadhidata, sharti ibadilishwe kila ilipo, na hapo pana mtego: lugha ya PHP, inayotumiwa na WordPress, hufungasha mipangilio mingi pamoja na hesabu ya urefu wa kila neno, hivyo anwani ya herufi 28 ikiwekwa mahali pa ile ya herufi 20 bila hesabu kusahihishwa, fungu zima halisomeki tena. Mtego huo upo kwenda na kurudi, na programu makini huuruka. Kisichorukika ni muda. Duka la mtandaoni linalotumia programu-jalizi ya WooCommerce lililonakiliwa Jumatatu huendelea kupokea oda wakati fundi akitengeneza nakala, na hifadhidata ya nakala ikirudishwa nzima Ijumaa, oda za siku hizo zote hufutika. Kuchanganya hifadhidata mbili nako si suluhisho rahisi, kwa kuwa kila moja hutoa namba zake zinazofuatana, na namba ileile inaweza kuwa oda ya mteja upande mmoja na ukurasa mpya upande wa pili. Hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayoweza kujua yenyewe ni ipi inayostahili kubaki.

Ndiyo maana katika WP Staging kuunda nakala ni bure, ilhali kuirudisha kwenye tovuti halisi ni kazi ya toleo la kulipia. Watumiaji wanaolalamika kwamba wamenaswa wana haki kiasi, maana mpaka huo unapaswa kutajwa waziwazi kabla mtu hajatumia wiki nzima kwenye nakala. Lakini mpaka wenyewe umewekwa panapoanza hatari, na pia panapoanza maswali ambayo lazima mtu alipwe ili ayajibu. Leseni ya GPL, inayotawala WordPress, humpa mtumiaji uhuru wa kuitumia na kuibadilisha programu, na papo hapo hutamka kwamba programu hiyo haina dhamana.

Vipo pia vikwazo ambavyo fedha zinazolipwa kwa programu haziviondoi. PHP kwa kawaida huipa kila kazi inayopitia kivinjari sekunde 30, na seva za bei nafuu zinazotumiwa na wateja wengi kwa pamoja hubana zaidi kumbukumbu na nafasi ya diski, ambayo nakala huihitaji maradufu.

Mwenye blogu ndogo hupata karibu kila anachohitaji katika toleo la bure: hujaribu kwenye nakala, kisha huyarudia mabadiliko kwa mkono kwenye tovuti halisi. Mwenye duka humfaa zaidi kuhamisha faili alizozirekebisha tu na kuiacha hifadhidata mahali pake, akikumbuka pia kwamba nakala imebeba barua pepe za wateja na funguo za malipo, ziwe za kadi au za M-Pesa, hivyo utumaji wa barua na malipo sharti vizimwe kabla ya jaribio la kwanza.