Githeri au Mukimo? Maneno ya Kuungana na Kuchanganyika katika Uhakiki

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tuitazame sentensi hii ambayo haikosi katika insha za uhakiki: "Mwandishi amechanganya fani na maudhui." Mwanafunzi alikusudia kusifu. Alichoandika ni karibu na lawama, kwani anayechanganya mambo katika Kiswahili mara nyingi ameyavuruga. Ndiyo maana mtu aliyepotewa na fikira husemwa amechanganyikiwa. Neno alilolihitaji ni "kufungamana": fani na maudhui hufungamana, kimoja kikakishika kingine, na bado vyote viwili vinaonekana.

Kosa hili huanzia katika kufikiri kwa Kiingereza. Lugha hiyo ina "merge", "blend", "fuse" na "coalesce", na akilini mwa mtahiniwa yote hayo yana tafsiri moja tu: changanya. Hata Kiingereza chenyewe hakiyasawazishi. "Merge" limetoka katika neno la Kilatini la kuzamisha, "fuse" katika lile la kumimina kilichoyeyuka, na "coalesce" ni kukua pamoja. Basi kabla ya kutafsiri, jiulize: vitu hivi vilipokutana, kila kimoja kilipatwa na nini?

Sisi wa Kibirichia kipimo tunacho jikoni. Katika githeri, mahindi na maharagwe huchemshwa chungu kimoja, lakini ukitaka unaweza kuyachambua punje kwa punje. Huko ndiko kuchanganya. Mukimo ni jambo jingine: viazi (navyo si haba huku kwetu), mahindi na majani ya malenge hupondwa hadi vikashikamana, na hakuna atakayekurudishia kiazi chako. Sukari nayo ikitiwa katika chai huyeyuka; huioni tena, ila kila funda linakwambia imo.

Sasa tupeleke kipimo hiki vitabuni. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, Shaaban Robert ametia Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili ndani ya maelezo ya maisha yake. Tenzi hizo unaweza kuzitoa ukazisoma peke yake na zisipungukiwe. Hiyo ni githeri. Kusema amechanganya nathari na ushairi ni sawa kabisa. Lakini chukua Nagona (1990) au Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi. Humo mna visasili, falsafa, ndoto na usimulizi. Jaribu kuitoa falsafa, uone kama itabaki hadithi ya kusimuliwa. Hapa mhakiki aseme tanzu zimeyeyuka ndani ya riwaya, au mipaka yake imefutika. Akisema tu "zimechanganywa", amekiona kitabu kwa mbali. Kwa ngano yenye wimbo ndani yake, ambao hadhira huuitikia kisha usimulizi ukaendelea, neno "kuingiliana" latosha.

Penye watu tahadhari izidi. Watu hutangamana au huchangamana: hukaa pamoja, wakauziana na kuoana, na kila mmoja akabaki na lugha ya mamaye. Ndiyo sababu chombo kilichoundwa nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, kikaitwa Tume ya Uwiano na Utangamano. Hebu fikiri kama kingeitwa tume ya mchanganyiko!

Siasa nayo ina mizani yake. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na mwaka 1977 vyama vya TANU na ASP viliungana vikazaa CCM. Katika tukio hili la pili majina yote mawili yalikoma, na chama kipya kikaanza. Ukisoma tamthilia ambamo chama kidogo kinajiunga na kikubwa, kisha jina na kiti cha mkubwa vikabaki vilevile, usiandike kwamba vimeungana, hata kama wahusika wenyewe wanasema hivyo jukwaani. Andika kwamba kidogo kimemezwa. Kinaya kimejificha hapohapo, na alama zako pia.

Sarufi haituchukulii muda, maana istilahi zake zimekwisha pangwa. Ma- na -ino huzaa "meno": irabu mbili zimetoweka ikazaliwa ya tatu, nao ni muungano wa sauti. Mu- na -alimu huzaa "mwalimu", u ikageuka w, nao ni uyeyushaji. Maneno yakikatwa na kuunganishwa vipande, kama chakula cha jioni kuwa "chajio", huo ni uhulutishaji. Jina Tanzania lenyewe liliundwa hivyo. (Chajio hulisikia darasani kuliko mezani, lakini hilo ni la siku nyingine.)

Kwa zoezi, waandikie wanafunzi ubaoni sentensi hizi tatu, wabadilishe kitenzi na kueleza sababu: "Mhusika amechanganyika na wanakijiji wenzake." "Huzuni na kicheko vimeungana katika shairi." "Mto Mutonga umechanganya Tana." Ile ya pili ndiyo itakayowagawanya, nawe usiharakishe kuwapa jibu kabla hawajalisoma shairi lenyewe.